Mita 100

Ndani ya kabati la ofisi yangu, chini ya daftari la ubatizo na lile la ndoa, kuna kipande cha kebo ya buluu chenye urefu wa mkono wangu. Katibu wa usharika ameshaniuliza mara mbili kama akitupe. Nimemwomba akiache. Kilikatwa kutoka katika kebo ambayo mimi mwenyewe niliagiza itandazwe kinyume cha ushauri wa fundi. Kwa kebo hiyo Mungu alinifundisha jambo ambalo nilikuwa nimelisoma, nimelihubiri, na hata kulijibu kwenye mtihani chuoni Makumira, bila kulielewa.

Usharika wetu uko Mwanza, kwenye kilima kimojawapo kati ya vile ambavyo nyumba zimekaa juu ya mawe na mawe yamekaa juu ya nyumba. Kiwanja cha kanisa kinateremka kuelekea upande wa ziwa. Juu kuna kanisa na ofisi, chini kabisa kuna ukumbi, na katikati limekaa jiwe moja kubwa kuliko nyumba ya mchungaji. Wazee waliotutangulia walishindwa kulipasua wakaamua kujenga kwa kulizunguka. Ubavuni mwa jiwe hilo kuna jiko la akina mama, ambako hupikwa pilau ya kipaimara na chai ya semina.

Miaka michache iliyopita baraza la wazee lilikubali tuanzishe darasa la kompyuta ukumbini kwa vijana waliomaliza kidato cha nne na cha sita. Maombi ya vyuo na ya mikopo siku hizi hufanyika kwenye mtandao, na vijana wetu walikuwa wakipanga foleni kwenye vibanda vya mjini na kulipia kila ukurasa. Intaneti tulikuwa nayo ofisini. Iliyobaki ilikuwa kazi ya kuifikisha ukumbini.

Fundi alikuwa kijana wa kwetu, mwimba besi wa kwaya ya vijana, aliyeisomea kazi hiyo. Kabla hajafika nilikuwa nimekwisha kutembea kutoka ofisini hadi ukumbini nikihesabu hatua. Nilipata 96, na jioni hiyo nikawaambia wazee kwamba jambo ni dogo. Kesho yake fundi alikuja na utepe wake wa kupimia, akazunguka kiwanja chote, kisha akagonga mlango wa ofisi.

"Shikamoo, Baba Mchungaji. Nimepata mita 138."

"Marahaba. Zimetoka wapi hizo zote? Mimi nimehesabu hatua 96."

"Ni kweli, Baba, kwa mtu anayetembea. Lakini kebo inapanda ukuta, inapita darini, inazunguka lile jiwe, halafu inashuka tena mpaka mezani. Na kebo hii ya shaba mwisho wake ni mita 100. Tisini za kutulia ukutani na ardhini, kumi za vile vipande vya kuchomeka huku na huku."

Akanipa njia mbili. Ya kwanza ni faiba, ambayo hupitisha mwanga badala ya umeme. Hiyo ingefika bila shida na isingevuta radi, nasi watu wa ziwani tunazijua radi zetu. Lakini bei ya vifaa vyake ilizidi fedha tulizokuwa nazo. Ya pili ni kuweka swichi katikati ya njia, ndani ya kisanduku ukutani, mahali penye umeme. Na katikati ya njia palikuwa jikoni kwa akina mama.

Nilikataa. Nilitoa sababu mbili: fedha, na kwamba haipendezi vifaa vya ofisi ya kanisa vikae penye moshi na masufuria. Sababu ya tatu sikuitaja. Nilikuwa nimekwisha kuwaambia wazee kwamba nimepima mwenyewe. Nikamwonyesha fundi boksi la kebo. "Hapa pameandikwa mita 305. Waliotengeneza mita 305 wameshindwaje na 138?"

"Baba, hizo 305 ni za kukata vipande. Si za kutumia zote kwa mkupuo mmoja."

"Wewe tandaza tu."

Akatandaza. Kijana mwenye malezi mema habishani na mchungaji mara ya pili. Nililijua hilo, na niliyatumia malezi yake mema kumnyamazisha.

Alipomaliza, alichomeka kile kipimo kidogo ambacho mafundi wengi hutembea nacho, chenye taa 8, moja kwa kila waya ulio ndani ya kebo. Ziliwaka zote kwa zamu, kuanzia ya kwanza hadi ya nane. Tukawasha kompyuta ya ukumbini, na mtandao ukapatikana. Ilikuwa jioni, upepo wa ziwa unavuma. Nikamtazama fundi kama mtu aliyeshinda kesi. Yeye akakunja utepe wake akasema, "Bwana asifiwe, Baba. Tutaangalia."

Tuliangalia. Asubuhi darasa lilikwenda vizuri. Ikifika saa sita au saa saba mchana, ukurasa unaanza kufunguka nusu. Kijana anajaza fomu yake hadi mwisho, anabonyeza kutuma, na fomu inapotea. Saa kumi na mbili jioni mtandao unarudi kama vile hapakuwa na lolote. Nililaumu kompyuta kwa kuwa ni za mitumba. Nilimlaumu aliyetuuzia intaneti. Siku moja nililiombea jambo hilo mbele ya darasa, na naamini Mungu alisikia, ila jibu alikuwa ameshalitoa kwa kinywa cha fundi.

Sasa nieleze jambo lililonifanya niandike haya.

Wakati ule usharika wetu ulikuwa na mitaa kadhaa, mmoja wao ukiwa ng'ambo, unakovuka kwa kivuko cha Kamanga. Ni mtaa wa wavuvi na wakulima, na mwinjilisti wake anaishi palepale kijijini. Mwaka uliotangulia ulitokea msibani mzozo mdogo kuhusu nani aongoze sala, na mimi, kwa ajili ya utaratibu, nikatoa tangazo katika mitaa yote: mgonjwa mahututi asihudumiwe na mtu yeyote kabla mchungaji hajafika au hajatoa ruhusa. Niliona nimelinda heshima ya huduma. Taarifa za mitaa ziliendelea kuja kila mwezi zikiwa safi, na katika makaratasi hayo taa zangu zote ziliwaka.

Alhamisi moja alasiri mwinjilisti alinipigia simu. Nilikuwa kwenye kikao cha ujenzi.

"Baba Mchungaji, mzee wetu hali yake si nzuri. Anakuulizia."

Nilimfahamu mzee huyo. Alivua dagaa kwa karabai tangu ujana wake, na baadaye akawa mzee wa kanisa kwa miaka mingi. Nikamwambia mwinjilisti kwamba nitavuka kesho asubuhi.

"Basi mimi nitangulie nikamsomee Neno na kumwombea?"

Nilikuwa na haraka ya kurudi kikaoni. Nikamjibu neno moja: "Nisubiri."

Nilivuka asubuhi nikiwa na vyombo vya Chakula cha Bwana kwenye mkoba. Nilipokaribia nyumba ile niliona viti vimetolewa nje na wanawake wamekaa chini na kanga zao mabegani, nikaelewa. Mzee alikuwa amefariki kabla ya alfajiri. Mwinjilisti alikuwa ameketi juu ya jiwe pembeni mwa ua, macho mekundu. Alikuwa amekesha pale. Kutoka nyumbani kwake hadi pale ni mwendo wa dakika kumi. Alikuwa amekuja usiku, akasimama nje, akawafariji watoto, wala hakuingia chumbani kwa mgonjwa kwa sababu mchungaji alikuwa amemwambia asubiri.

Mjane alinipokea kwa adabu. "Karibu, Baba. Tulikusubiri." Baadaye, tulipokuwa wawili, akasema kwa sauti ya chini, "Aliuliza mara tatu. Hakutaka mambo mengi. Alitaka mtu wa kanisa amwambie tu kwamba amesamehewa."

Mpendwa msomaji, sina shaka kuhusu mzee yule. Neema ya Mungu haisubiri kivuko, na kama wokovu wa mtu ungetegemea ratiba ya mchungaji, nani angeokoka? Lakini Mungu ametaka msamaha wake usikike kwa masikio, kwa sauti ya mwanadamu mwenzetu, na mzee yule alistahili kuisikia. Mafundisho yetu ya Kilutheri yako wazi kwamba saa ya dharura Mkristo yeyote anaweza kumtangazia mwenzake msamaha wa Kristo. Martin Luther aliandika juu ya ukuhani wa waamini wote tangu mwaka 1520. Swali hilo nililijibu chuoni na nikapata alama nzuri. Kumbe pale nyumbani kwa mzee alikuwapo kuhani, amekaa juu ya jiwe, amefungwa mdomo na tangazo langu.

Baada ya maziko nilirudi mjini. Siku chache baadaye fundi alikuja kuniomba ruhusa ya kukata kebo. Safari hii sikubishana. Nilimfuata hadi jikoni, nikavuta kigoda, nikamwomba anieleze tangu mwanzo kwa nini mita 100. Yeye alidhani ninauliza habari za kebo tu.

Alimenya kipande kimoja akanionyesha. Ndani mna nyaya 8 nyembamba za shaba zilizosokotwa mbilimbili, kwa hiyo ni jozi 4. Kusokotwa kule si urembo. Waya mmoja hubeba ishara na mwenzake hubeba kinyume chake. Kelele ya nje ikija huwagusa wote wawili karibu sawasawa, na mpokeaji akizilinganisha sauti hizo mbili kelele hujifuta. Lakini shaba nayo hula. Kila mita ishara inayosafiri hupungua kidogo, na kadiri mwendo wa mawasiliano unavyokuwa wa kasi ndivyo inavyopungua upesi zaidi. Tena jozi za jirani, ambazo nazo zina mazungumzo yake, huvujisha minong'ono. Mwanzoni mwa njia minong'ono hiyo si kitu. Ishara ikishasafiri mbali sana, sauti iliyotoka mbali inakuwa imefifia hata inakaribiana na minong'ono ya karibu. Mpokeaji anasikia mchanganyiko, hajui lipi ni lipi.

"Na kwa nini mchana?" nikauliza.

"Kwa sababu ya jiwe, Baba. Bomba letu limelala juu yake. Jua la saa sita likilichoma, shaba inapata joto, na shaba yenye joto hupitisha umeme kwa shida zaidi. Kebo fupi ingevumilia. Hii yetu ilikuwa imeshapita mpaka wake hata kabla ya joto."

"Mbona taa zote 8 ziliwaka?"

Akacheka kidogo kwa heshima. "Kile kipimo kinauliza swali moja tu: waya umefika? Hakiulizi kama kinachosemwa kinasikika."

Akaniambia pia kwamba ujumbe ukifika umeharibika, mashine haitoi kelele. Huutupa kimyakimya, na aliyeutuma asipopata jibu huutuma tena. Mtumiaji haoni kosa lolote, anaona uzito tu. Nikakumbuka ni mara ngapi nimesema mtaa fulani ni mzito kupokea maagizo.

Kisha akanisimulia jambo walilofundishwa darasani, nami baadaye nikalisoma zaidi. Mtandao wa namna hii, ambao huitwa Etheneti, ulibuniwa mwaka 1973 huko California, katika maabara ya kampuni ya Xerox. Waliobuni ni Robert Metcalfe na mwenzake David Boggs. Wazo moja walilichukua kutoka Chuo Kikuu cha Hawaii, ambako watu walikuwa wamekwisha kuunganisha visiwa vyao kwa redio. Niliposikia visiwa nikafikiria Ukerewe na Ukara. Katika Etheneti ya kwanza kompyuta zote zilitumia kebo moja nene, kama watu wengi katika chumba kimoja. Kwa hiyo ikawekwa adabu ya mazungumzo: kabla ya kusema, sikiliza kwanza. Wawili wakianza kusema pamoja na sauti zao zikagongana, wote wanyamaze, kila mmoja angoje kwa muda wake, kisha waanze tena.

Hapo palikuwa na mtego. Ishara huchukua muda kusafiri, hata kama ni muda mdogo sana. Mtandao ukiwa mrefu kupita kiasi, msemaji wa upande huu atamaliza kusema na kuendelea na shughuli zake akiwa na amani, kumbe kule mbali maneno yake yamegongana na ya mwingine na kuharibika, wala habari za kugongana hazijamrudia. Kwa hiyo waliweka hesabu. Ujumbe mfupi kuliko wote katika mtandao ule ulichukua sehemu 51.2 za milioni ya sekunde kutumwa, na urefu wa mtandao mzima, kebo moja hadi nyingine, uliwekewa mpaka wa kama kilomita 2.5, ili msemaji awahi kusikia mgongano kabla hajamaliza kusema.

Fundi alitaka nielewe kwamba siku hizi swichi zimeondoa kugongana kule, na kwamba mita 100 za leo zimebaki kwa sababu ya ile shaba inayokula ishara. Nilielewa. Lakini moyo wangu ulibaki kwenye kebo ile ya zamani. Maisha yangu yote nilidhani mpaka wa urefu unahusu sauti, kwamba mtu hodari akiongeza nguvu atafika mbali zaidi. Kumbe mpaka ule wa kwanza ulihusu sikio. Usiseme mbali kuliko unavyoweza kusikia. Mimi nilikuwa nimesema "nisubiri" kutoka kwenye kikao mjini, ng'ambo ya maji, nikamaliza na kuendelea na shughuli zangu nikiwa na amani. Neno lile lilikuwa limegongana na mahitaji ya mtu anayekufa, na mimi sikusikia mlio wowote.

"Sasa hiyo swichi," nikamuuliza, "ni kama spika? Inaongeza sauti?"

"Hapana, Baba. Spika ingeongeza sauti pamoja na kelele yake. Swichi inaupokea ujumbe, inaukagua, halafu inautuma upya kwa nguvu zake yenyewe. Ukitoka hapo unahesabu mita tangu sifuri."

Usiku ule nilifungua Kutoka sura ya 18. Wengi tunaijua habari ya Yethro, mkwe wa Musa, alivyomkuta Musa ameketi tangu asubuhi hadi jioni akiwaamulia watu, akamwambia kwamba jambo hilo si jema. Nilikuwa nimeihubiri mara nyingi kama habari ya kumhurumia kiongozi asichoke. Safari hii niliona neno nililokuwa nikilipita. Yethro anasema atakayechoka si Musa peke yake, ni pamoja na watu walio naye. Wale waliosimama foleni kutwa nzima wakingoja neno la mtu mmoja, wao pia walikuwa wakiisha. Na Musa, mtu aliyesema na Mungu mlimani, hakumjibu mkwewe kwamba ameshapima mwenyewe. Alisikiliza, akaweka watu juu ya maelfu, mamia, hamsini na makumi. Hao hawakuwa spika za Musa. Walifundishwa sheria, kisha wakaamua mambo madogo kwa vinywa vyao wenyewe. Mtume Paulo naye anamwagiza Timotheo, katika waraka wake wa pili, kuwakabidhi watu waaminifu yale aliyosikia, ili nao wawafundishe wengine. Ukihesabu katika agizo hilo moja unapata vituo vinne.

Tangu hapo, kila ninapotazama, naona kazi kubwa za wanadamu zimekubali kusimama katikati. Mwaka 2009 kebo ya SEACOM ilifika Dar es Salaam kupitia chini ya Bahari ya Hindi. Mwanga huenda mbali kuliko umeme wa shaba, lakini hata mwanga huchoka, kwa hiyo chini kule baharini, kila baada ya makumi ya kilomita, kimewekwa kifaa cha kuutia nguvu tena. Na hapa kwetu, daraja la Kigongo hadi Busisi lililofunguliwa Juni 2025 lina urefu wa kama kilomita 3. Anayepita juu yake anafurahia kwamba hasubiri kivuko, ila hakuna anayelidharau kwa kuwa limesimama juu ya nguzo nyingi. Lingefikaje bila hizo?

Fundi aliikata kebo jikoni. Mita 74 kutoka ofisini, mita 64 kwenda ukumbini. Kisanduku kikafungwa ukutani, juu, upande usiofikiwa na moshi, na mama msimamizi wa jiko akakubali umeme utoke kwake. Alikitazama kisanduku kile muda, kisha akasema mbele ya wenzake, "Kumbe Baba Mchungaji na intaneti yake, wote wanalishwa kutoka jikoni." Walicheka, nami nikacheka nao. Mchana wa siku iliyofuata, jiwe likiwa la moto, vijana walituma fomu zao. Kipande kilichobaki nikakichukua.

Jambo la pili halikuwa la kuchekwa. Katika baraza la wazee nilifuta lile tangazo, nikaeleza kwa nini, na nikamwomba fundi msamaha mbele ya wazee niliowaambia kwamba nimepima. Kisha nilivuka Kamanga. Nilimwomba msamaha mwinjilisti, ambaye aliona aibu kuliko mimi, na kwa miezi iliyofuata wainjilisti na wazee wa mitaa yote tulikaa pamoja kujifunza huduma kwa wagonjwa: jinsi ya kusikiliza maungamo, jinsi ya kutangaza msamaha, na lini wamwite mchungaji. Chakula cha Bwana bado mimi huvuka nacho, kwa utaratibu wa kanisa letu. Lakini nikifika sasa mara nyingi nakuta Neno limekwisha kufika, limesemwa na mtu anayemjua mgonjwa kuliko mimi. Mara nyingine nakuta wamefanya tofauti na ambavyo ningefanya. Najifunza kuvumilia hilo pia, maana aliyesikia kwa kweli hasemi kwa sauti ya mwingine.

Nilikwenda pia kwa mjane. Nilimweleza kwamba kosa lilikuwa langu, si la mwinjilisti. Alinyamaza akichambua dagaa kwenye ungo, akitupa mchanga pembeni. Kisha akasema, "Baba, mimi nimekusamehe. Ila usimwambie mtu mwingine asubiri."

Sikupata faraja nyingine zaidi ya hiyo, na sidhani nilistahili zaidi. Nimeandika haya kwa ajili ya wachungaji wenzangu, lakini pia kwa ajili yako wewe mama unayebeba nyumba nzima peke yako na hutaki binti yako aguse sufuria, na wewe mwalimu wa kwaya ambaye ukiugua kwaya haiimbi, na wewe baba ambaye watoto hawawezi kuamua jambo hadi urudi safari. Mpaka ambao Mungu ameweka katika nguvu zako si tusi. Haukukatazi kuwafikia watu. Unakuuliza ni nani umemweka katikati, na kama umemwachia kinywa chake.

Jioni, kabla sijafunga ofisi, huwa nashuka hadi jikoni. Akina mama wameshaondoka, majiko yamepoa, na juu ukutani taa ndogo za kijani zinapepesa, moja kwa upande wa ofisi na moja kwa upande wa ukumbi. Nawaombea wainjilisti wangu kwa majina, mtaa kwa mtaa, wa ng'ambo nikimtaja wa kwanza. Kisha nazima taa ya jiko, nawaacha Mungu na watu wake waendelee na kazi.